Mkono Usioinuliwa Bure

Siku niliyotangaza nyumbani kwamba nataka kusomea udaktari wa tiba ya viungo, udaktari kamili wenye tasnifu na majaji na makofi, Tantine aliacha kuchekecha unga akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Tantine ni dada mdogo wa marehemu baba. Kwetu dada wa baba ni baba aliyevaa kitenge, na neno lake halirukwi.

"Mugonjwa yako anaweza kufa?" akaniuliza.

"Hapana, Tantine. Miye nafundisha bantu kutembea, kushika kijiko, kuikala muzuri."

"Hata mumoja hawezi kufa?"

"Hata mumoja."

"Basi haiko docteur," akasema, akaendelea kuchekecha.

Nilicheka, lakini moyoni nilikasirika. Mimi ni mtu wa kukasirika haraka na kucheka haraka zaidi, na miaka ile mji wetu wa Likasi ulinipa sababu za yote mawili kila asubuhi kabla ya chai. Chai yenyewe mara nyingi haikuwepo. Viwanda vilikuwa vinazimika kimoja kimoja, umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuja kama mgeni mwenye haraka, na wanaume waliozoea kuamshwa na king'ora cha kazi maisha yao yote sasa walikaa ukingoni mwa kitanda wakikisubiri. Na huo ndio wakati niliouchagua mimi kutaka kuwa daktari wa kitu ambacho mjini kwetu kiliitwa tu kukanda watu.

Nilikuwa nimeandikishwa katika chuo kimoja cha ng'ambo kwa fadhila za profesa mmoja mzee. Aliwahi kufundisha Lubumbashi, akanifundisha na mimi, kisha mambo yalipoharibika akaondoka na Wazungu wenzake. Sasa alikuwa karibu kustaafu. Alinieleza wazi: nikimaliza yeye akiwa bado kazini, atakuja mwenyewe nitetee tasnifu palepale Likasi, kwa sababu wagonjwa hawatumwi kwa posta. Nisipomaliza, pale chuoni hakuna mwingine anayejua Likasi iko upande gani wa ramani, na jina langu litafutwa. Basi. Nafasi ilikuwa hiyo moja, nami niliutaka ule udaktari kwa uchu, kama mtoto anavyotaka mandazi ya jirani.

Shida ni kwamba tasnifu yangu ilihitaji mashine. Chumba cha kine, ndivyo tulivyokiita chumba cha tiba ya viungo pale hospitali, kilikuwa na vyuma viwili sambamba vya kujifunzia kutembea, kapi za kuinulia mikono, na baiskeli isiyo na magurudumu iliyofungwa sakafuni. Halafu ikaja pillage, zile siku ambazo mji ulijipora wenyewe. Niliporudi kazini nilikuta zimebaki kuta na harufu ya kafuri. Vile vyuma viwili niliviona baadaye katika ua mmoja njia ya Kambove, vimefanywa zizi, mbuzi wamesimama katikati wametulia kama wanaosubiri zamu yao ya mazoezi. Baiskeli nayo ilikuwa na kisa chake. Alikuja kwangu bwana mmoja amepinda mgongo. Nikamlaza, nikamwuliza ulianza vipi. Akahema, akasema alibeba kitu kizito. Kitu gani? Baiskeli. Nikamwambia baiskeli haibebwi, huendeshwa.

"Haikuwa na roues zake mbili, Mama," akasema kwa uchungu wa kweli. "Nilikuwa nawaza nitazipata kisha."

Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni, palepale ilipokuwa imefungwa. Yeye naye akacheka, mgongo ukamkamata, akalia, tukacheka tena. Nilimtibu akapona. Baiskeli alikuwa ameshaibadilisha kwa mahindi.

Simu zilikuwa zimekufa wakati ule. Aliyetaka kusema na mbali alikwenda misheni kwenye phonie, ile redio ya mapadri, akapanga foleni, na zamu yake ikifika akapaza sauti mbele ya wote, akimalizia na À vous, yaani zamu yako. Kule Lubumbashi sista mmoja aliyapokea maneno yangu, akayapitisha ng'ambo kwa profesa, na siku nyingine akanirudishia majibu.

"Anauliza kama vifaa vimepatikana. À vous."

"Havijapatikana. À vous."

Foleni nzima ikaguna kwa huruma. Mimi nikapita njia ya sokoni nikirudi nyumbani, na wauza nyanya walikuwa wameshajua kwamba tasnifu yangu imekufa. Mmoja alinipa nyanya kama mtu anayetoa rambirambi.

Haukupita muda, Tantine akaamka upande wake wa kushoto umelala. Kiharusi. Mdomo ulikuwa wa kwanza kupona, jambo ambalo halikumshangaza yeyote. Mguu ukafuata polepole. Ila mkono ulibaki ukining'inia, na yeye alikuwa muuza unga sokoni, kazi inayotaka mikono miwili: mmoja wa kuchota na mmoja wa kufungua mfuko wa mteja. Nikamleta kine. Nilijua kazi yangu, nikamkalisha, nikaanza.

"Inua mukono, Tantine."

"Ya kufanya nini?"

"Sababu upate nguvu."

"Nainua, nashusha. Kisha nani atakula?"

Nilimweleza habari za ubongo na mishipa na njia zinazofunguka upya mtu akirudiarudia. Alinisikiliza kwa adabu zote. Kisha akasema kwamba katika mji ambao watu wanakula mara moja kwa siku, kuchosha mwili bila kazi ni wazimu, na kumchosha mwenzako ni dhambi, niende nikamwulize padri. Nilijaribu kila namna. Nilibembeleza, nilinuna, nilimtishia kwamba mkono utakauka. Kwenye jambo hilo alikuwa mgumu kama mawe ya machimbo ya Kakontwe. Mkono wake hauinuliwi bure.

Alasiri moja nilikwenda kwake kumjulia hali, nikamkuta amekaa kwenye kigoda uani, anamsimamia jirani yake mjane aliyekuwa anatwanga sombe. Sombe ni majani ya muhogo, na kwetu mwanamke hupimwa kwa jinsi anavyoyatwanga. Wakitwanga wawili kwenye kinu kimoja, mchi wa huyu unashuka wa yule ukipanda, na ukichelewa kidogo utajua mwenyewe. Tantine alikuwa anateseka. Alivumilia, akavumilia, akashindwa.

"Unatwanga sawa muntu mwenye kuogopa kuamusha bantu," akamwambia mjane. "Leta."

Akasimama, akanyakua mchi wa pili kwa mkono wa kulia, akaingia kwenye mwendo. Mchi ulikuwa mzito kwa mkono mmoja. Ukayumba, na ule mkono wa kushoto, ule mvivu, ule uliokataa vitisho na maombi yangu yote, ukapanda wenyewe ukaushika. Niliona vidole vikifunga. Nilitaka kupiga kelele, lakini nilimjua: ningemsifu tu, angeuweka chini. Nikajifanya natazama kuku.

Kesho yake nilijitwika kinu kichwani mpaka hospitali. Mlinzi aliniuliza kama nimehama. Nikaenda misheni, nikasimama kwenye foleni, nikasema kwenye phonie kwamba nabadili mada ya tasnifu: nitarudisha mikono na mabega ya watu kwa kinu na mchi. Sista akanijibu: "Rudia. À vous." Nikarudia. Watu nyuma yangu walicheka mpaka wakashikana mabega, hata padri wa zamu akageuza uso. Baada ya siku kadhaa nikarudi kusikiliza jibu, na foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida, nadhani wengine walikuja kwa ajili ya hilo tu.

"Profesa anauliza: mchi una uzito gani? À vous."

Nikajua amekubali. Nilitoka pale natembea kama mlevi, namwamkia hata mtu niliyegombana naye. Kwa kuwa mizani yote ya hospitali ilikuwa imeporwa isipokuwa ile ya watoto wachanga, nilipeleka michi yangu maternité, nikailaza kwenye kile kitanda kidogo mmoja baada ya mwingine. Mkunga aliisoma mizani, akautazama mchi, akanitazama mimi.

"Mutoto anatosha," akasema. "Anafanana na baba yake."

Basi kine ikaanza kunuka sombe. Wanawake walikuja wenyewe. Shida ilikuwa wanaume. Wavunja mawe wa Kakontwe wenye mabega yaliyoteguka waliniambia usoni kwamba kutwanga ni kazi ya wanawake na kwamba afadhali bega libaki lilivyo. Nikatundika pazia mlangoni. Nyuma ya pazia walikuwa wanatwanga, mwanzo kwa aibu, kisha kwa mashindano, kisha kwa nyimbo walizoamini hazisikiki nje. Siri hiyo ilidumu mpaka mke mmoja alipochungulia. Hakusema kitu kwa mumewe. Alinifuata mimi koridoni kwa unyenyekevu mkubwa, akaniuliza kama dawa ile inaweza kuendelea nyumbani, na kama bwana wake hahitaji na vipindi vya kufua.

Na yale majani yaliyotwangwa hayakutupwa. Yalipikwa palepale uani na kugawiwa wodini, kwa sababu hospitali haikuwa na chakula cha kumpa mgonjwa. Tantine alikuwa anakuja kila asubuhi bila kuitwa. Hakuja kwa tiba, alisema. Alikuja kazini. Mkono ulishika, ukapanda mpaka kifuani, ukapanda mpaka usoni, mradi mchi uko ndani yake. Nikiuondoa mchi na kumwambia inua, jibu lilikuwa lilelile: ya kufanya nini? Niliandika kila kitu, lakini hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Profesa alifika kwa kupitia Zambia, kwenye lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa mtaa wetu, aliyemkalisha mbele na kumkataza katakata asisaidie kusukuma hata lilipozama matopeni. Tukafanya utetezi katika ukumbi wa parokia. Majaji walikuwa watatu: profesa wangu, daktari mkuu wa hospitali yetu, na daktari wa upasuaji kutoka Lubumbashi, mtu mrefu wa suti nyeusi na viatu vya kung'aa, ambaye hakutabasamu hata nilipoonyesha picha ya mchi kwenye mizani ya watoto.

Lazima nieleze jambo la unga. Kwetu mtu akifaulu, jamaa zake humwagia kichwani kitu cheupe. Mwenye poda ya talki humwaga talki, mwenye pemba, ule udongo mweupe, humpaka pemba. Ni furaha, lakini pia ni hukumu: ukishapakwa weupe, kesi imekwisha na umeshinda. Na wa kwanza kumwaga ni dada wa baba. Kina mama zangu wadogo na wakubwa, dada za mama, walikuwa wamejaa nje ya mlango na mabeseni yao. Kwa kuwa Kifaransa cha majaji kingewachosha, niliwapa alama. Niliwaambia: mwisho kabisa Tantine atatwanga mbele ya majaji. Mchi ukinyamaza, mambo yameisha, ingieni. Nilijiona mwerevu sana.

Tantine alikuwa ndani, amekaa mbele kwenye kiti kama mgonjwa wangu wa kwanza, na beseni lake chini ya kiti limefunikwa kitambaa. Nilipoitwa nimwonyeshe, alisimama akatwanga. Alitwanga, jamani. Mikono miwili, mgongo wima, majani yakirukaruka, na daktari mkuu wetu akaanza kutikisa kichwa kwa kufuata mwendo. Nilijisikia nimeota mabawa. Halafu yule wa Lubumbashi akainua kidole. Tantine akasimamisha mchi.

"Hapa mchi ndio unaouvuta mkono," akasema. "Labda ni mazoea ya zamani tu. Nataka kuuona mkono peke yake, juu ya kichwa. Bila hilo, kwangu mimi hakijathibitishwa kitu."

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa anasema kweli. Ndio mwiba wangu wa samaki, ameuona. Nikamtazama profesa, naye akatazama meza. Mtahiniwa haruhusiwi kusema na mgonjwa majaji wanapomhoji, nami nilibana meno nikaomba kimoyomoyo.

"Mama, inua mkono wa kushoto," akasema daktari, kwa upole kabisa.

"Ya kufanya nini?"

Ukumbi ukacheka. Mimi nilitaka kufa.

"Kwa ajili ya sayansi, Mama."

Tantine akaifikiria sayansi. "Nani atakula nayo?" akauliza.

Daktari akaandika kitu. Niliona kalamu ikitembea na nikaona jina langu likifutwa, miaka yangu yote, kinu kichwani, foleni ya phonie, yote. Machozi yalikuwa yameshafika. Na hapo, kwa kuwa mchi ulikuwa umenyamaza, mlango ukafunguka.

Walioingia hawakuwa watu wa kuzuiwa. Dada za mama waliingia na mpundu, zile shangwe zinazokwaruza mabati, wakaja moja kwa moja hadi mahali niliposimama juu ya jukwaa, weupe umeshaanza kuruka hewani. Nilipunga mikono, nikasema bado, bado, hawajaamua. Nani angenisikia? Dada mkubwa wa mama alikuwa mbele, kopo la talki limeinuliwa, amebakiza hatua mbili kunifikia.

"Weye."

Lilikuwa neno moja la Tantine, wala halikupigiwa kelele. Mama mkubwa akasimama kopo likiwa juu. Tantine alikuwa ameinama, ametoa beseni lake chini ya kiti. Akalishika kwa mikono miwili. Akapanda jukwaani, mguu wa kulia, kisha wa kushoto.

"Baba yake iko hapa," akasema.

Mimi ni mrefu kuliko yeye. Ilimbidi anyooshe mikono yote miwili juu, juu kabisa, mpaka kitenge kikapanda na viwiko vikanyooka, beseni limesimama juu ya kichwa changu bila kutetemeka. Akalipindua.

Kisha zikafuata talki na pemba, na sijui tena ni nini, na majaji hawakusalimika. Nilipoweza kufungua macho nilimwona yule wa Lubumbashi amesimama, suti nyeupe, nyusi nyeupe, anautazama mkono wa kushoto wa Tantine. Profesa wangu alikuwa amejilaza mezani anacheka, machozi yanachora mistari kwenye unga wa mashavuni. Daktari mkuu alikuwa anatafuta miwani yake iliyokuwa usoni.

"Mama," akasema yule wa Lubumbashi, akijifuta, "mbona nilipokuomba ulikataa?"

"Uliniomba niinue bure," akajibu Tantine.

Wakatoka watatu kwenda kushauriana kwenye chumba cha nyuma, wameacha nyayo nyeupe sakafuni. Mimi nikabaki nimesimama, sithubutu kujikung'uta, kwa sababu weupe haufutwi siku hiyo na pia kwa sababu sikujua kama ni wangu. Ndipo nikasikia harufu. Kilichokuwa kinanitiririka shingoni na mgongoni hakikuwa talki wala pemba. Ulikuwa unga wa mahindi, mweupe, uliochekechwa mara ya pili, ule wa kuuzwa kwa wateja wazuri. Beseni zima. Kule nyumbani kwake hakukuwa na mwingine, nilijua, maana jana yake nilikuwa nimekula bukari, ugali wetu, kwake na kuona gunia limelegea.

Wanawake nao walikuwa wametambua. Mmoja alishapiga magoti, anaukusanya kwa viganja kwenye kitambaa, mwingine ameleta ungo anataka niinamishe kichwa. Hakuna aliyewacheka. Njaa ilikuwa njaa.

"Muache," akasema Tantine. "Ile haiko ya kula."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo juu ya kitu chochote duniani. Wale wanawake wakasimama polepole, wakapangusa mikono.

Majaji wakarudi. Profesa alisoma matokeo kwa Kifaransa kirefu, amesimama wima kama mtu asiye na unga masikioni, na ukumbi ukalipuka kabla hajamaliza, kwa hiyo neno lenyewe, docteur, sikulisikia vizuri. Nililiona tu kwenye midomo yake. Nililia na kucheka pamoja, na unga ukawa uji usoni pangu. Tantine alikuwa bado kando yangu. Alikuwa amekwisha kuweka beseni chini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya kichwa changu, na pale juu haukuwa na kazi yoyote ya kufanya.